Nyumba ya Mawe Yanayoelea

Ukikutana na Bwana Afya njiani, kitu cha kwanza ulichokiona ni kofia yake. Uso ulikuwa chini. Alitembea Nakuru nzima akitazama ardhi: mitaro, vifuniko vya mashimo, maji ya sabuni yaliyotoka nyuma ya hoteli, nyayo za mbwa mbele ya bucha. Aliyemsalimu alisalimu, akangoja, na macho yale yakapanda polepole kama ndoo inayovutwa kutoka kisimani. "Aa, kumbe ni wewe," alisema, na hapo ndipo salamu zilipoanza.

Tulikuwa majirani katika nyumba za baraza la mji, zile zilizopangwa mstari kama mabehewa, ukuta wetu wa jikoni ukiwa ndio ukuta wao wa jikoni. Baba yangu aliendesha lori la takataka la baraza. Bwana Afya alikuwa mkaguzi wa afya, mwenye kaptula ya kaki, soksi ndefu na baiskeli nyeusi ambayo kengele yake ilijulikana na kila mwenye hoteli kutoka stesheni mpaka sokoni. Ikilia, vifuniko vilirudishwa juu ya sufuria. Jina lake halisi nililijua kwa sababu lilikuwa limeandikwa mlangoni, lakini sikuwahi kumsikia mtu akilitumia. Hata mkewe tulimpa sehemu ya kazi ile. Tulimwita Mama Afya, naye hakupenda.

"Afya ni yake na serikali yake," alituambia. "Mimi ni mama wa watoto."

Mama Afya alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kujaza ua, na alikuwa na kuku. Hilo lazima niliseme mapema. Katika nyumba za baraza ilikuwa marufuku kufuga kuku, na aliyekuwa akipita kila mwezi kutukumbusha marufuku hiyo ni mumewe. Kwa wengine alisimama mlangoni, akavuta hewa puani, akasema, "Mama, hapa pana kuku," na pua yake haikukosea. Lakini jikoni kwake, nyuma ya gunia la makaa, walikuwamo kuku wa mkewe na jogoo mmoja mwekundu mwenye sauti kama ya mwenye nyumba. Asubuhi jogoo aliwika, ukuta ukatikisika, na sisi upande wa pili tukanyamaza kusikiliza kifungua kinywa chao.

"Mayai haya yametoka wapi, Mama Watoto?"

"Sokoni."

"Ni mazuri."

"Soko ni zuri."

Basi. Baba yangu alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Sidhani Bwana Afya alikuwa mnafiki. Nadhani alikuwa ameipima sheria ile, akaona uzito wake, akaona na uzito wa ndoa.

Alikuwa na mengine ya namna hiyo. Aliwahubiria watu wachemshe maji, kisha ukamkuta stesheni ameinamia bomba kama ngamia. Aliwafukuza wauza mahindi ya kuchoma kando ya barabara kwa sababu ya vumbi, na jioni akanunua hindi kutoka kwa mama yuleyule aliyemfukuza asubuhi, akalipuliza mara moja, akala. Mama yule alimwuliza, "Bwana Afya, vumbi limeisha?" Akajibu akiwa anatafuna, "La asubuhi limeisha. Hili ni la jioni."

Vumbi la Nakuru lilikuwa kama mkazi mwenye haki zake. Upepo ukitoka ziwani ulileta unga mweupe wa magadi, ukabaki midomoni. Ukitoka upande wa kiwanda ulileta harufu ya pareto, maua ya dawa ya wadudu, kali na kavu, ambayo hadi leo nikiisikia mahali popote naona mashati ya shule kwenye kamba. Mama yangu alifua mara mbili, mara moja kwa ajili ya uchafu na mara moja kwa ajili ya upepo. Na upande wa juu, nyuma ya kila kitu, Menengai, volkeno iliyolala, ilikaa kimya kama sufuria kubwa iliyofunikwa. Miaka hiyo ya mwanzo ya uhuru tulikuwa tukiitazama kama watu wanaotazama kiti kilichoachwa wazi. Mashamba ya mteremko yalikuwa yametoka mikononi mwa Wazungu, na kila mtu alikuwa akijiuliza nani atakaa pale.

Jibu lilikuja kwa ramani. Baraza lilitaka kujenga mtaa mpya kwenye mteremko, ng'ambo ya barabara kuu: nyumba ndogo za mawe zenye bustani, ambazo wafanyakazi wangezinunua kidogo kidogo hadi ziwe zao. Zao kabisa. Ni vigumu kumweleza mtu wa leo jinsi neno hilo lilivyosikika katika nyumba ambayo ufunguo wake ulirudishwa ofisini siku ulipostaafu. Baba yangu hakupata kiwanja, kwa kuwa hakuwa amefanya kazi muda wa kutosha. Bwana Afya alipata, na hakuna aliyekihitaji kama yeye, maana alikuwa amebakiza miaka michache tu kazini. Baada ya hapo ukuta ule wa jikoni ungekuwa wa mtu mwingine.

Siku waliyoonyeshwa viwanja, Mama Afya alirudi akiwa amebadilika sauti. Aliongea kwa upole. Wiki nzima aliazima jembe, akaupanda mteremko mchana, akarudi na majani ya nyasi kwenye kitambaa cha kichwa. Jumamosi alimwambia mama yangu, "Jirani, njoo nikuonyeshe nyumba." Nami nikawafuata, nikiwa msichana wa sekondari aliyejiona mkubwa mno kwa mambo ya viwanja.

Hapakuwa na nyumba. Palikuwa na nyasi kavu, ua wa mkonge wa Mzungu aliyeondoka, na katikati ya nyasi, mawe. Alikuwa ameipanga nyumba nzima chini kwa mawe, chumba baada ya chumba, kama watoto wanavyopanga wakicheza, ila huyu hakuwa akicheza. Mawe yenyewe yalikuwa yale ya Menengai, ya kijivu, yenye matundu, mepesi kama mkate uliokauka. Kila nyumba Nakuru ilikuwa nalo moja la kusugulia visigino, na kila mtoto alijua kwamba ukilitia kwenye karai la maji linaelea.

"Hapa ni sebule," alisema. "Hapa tutalala. Hapa ni jikoni, na mlango wake unaangalia Menengai, si ukuta wa mtu. Usinielewe vibaya, jirani."

"Nimekuelewa," mama yangu alisema.

"Na pale," akashusha sauti, ingawa tulikuwa peke yetu na upepo, "kuku."

Mama yangu akataka kuvuka kwenda jikoni. Mama Afya akamshika mkono. "Huko ni ukutani. Pitia mlangoni."

*

Nyumba haijengwi bila watu kuulizana maswali, hata zamani zile. Kabla ya kontrakta kuchimba msingi, baraza lilimtaka mkaguzi wa afya aipitie ramani na kusema mambo matatu: maji yataenda wapi, vumbi litatoka wapi, na watu watapita wapi. Wengine waliona ni kazi ya kupiga muhuri tu. Karani mmoja alimwambia mbele ya baba yangu, "Mzee, hata wewe unahamia huko. Utakataa nini?" Bwana Afya aliichukua ramani, akaikunja kama leso.

Vumbi alilipima kwa mashati. Alitundika mashati yake matatu meupe mteremkoni, moja juu, moja katikati, moja karibu na barabara, akayaacha siku nzima. Yaliporudi, Mama Afya aliyapokea mlangoni akayatazama moja baada ya jingine. "Sasa mimi ndiye nitaifulia serikali?" Lakini aliyafua, na kwa rangi ya maji ya kila karai wakaelewana kwamba nyumba za chini zipandiwe miti upande wa barabara. Miti ile ipo.

Barabara ndiyo iliyomletea jina. Barabara kuu ilipita kati ya mteremko na mji. Juu yake yalipita malori ya kwenda na kutoka Uganda, matrekta ya shayiri, viazi vya Kuresoi vilivyorundikwa mpaka gunia la juu likawa linachungulia, na yale yaliyoteremka kilima cha Sachangwan yaliingia mjini breki zake bado zinanuka. Soko, zahanati na shule vilikuwa chini. Nyumba zingekuwa juu. Kontrakta, Singasinga mmoja mwenye kilemba cha bluu aliyekuwa amejenga nusu ya maduka ya mji na kuongea lugha zetu zote kwa kasi moja, alisema hapakuwa na shida. Alivuka mwenyewe kuonyesha. Aliangalia kulia, akaangalia kushoto, akakimbia na suruali yake nzuri, akafika ng'ambo akafungua mikono.

"Umeona, Bwana Afya? Kuvuka ni dakika moja."

"Umevuka mikono mitupu," Bwana Afya alisema. "Nani hutoka sokoni mikono mitupu?"

Siku ya pili aliwaomba akina mama wa mstari wetu waje na mizigo yao ya kawaida. Mama yangu alikuja na debe la mafuta ya taa kichwani. Mwingine alikuja na mtoto mgongoni na gunia la makaa. Kontrakta alikuja pia, maana alikuwa mtu wa kupenda kushindana mbele ya watu, na akadai naye apewe mzigo. Hapo Mama Afya akajitokeza na karai la mayai, mengi, yamepangwa kwenye majani makavu. Akampa.

Bwana Afya aliyatazama mayai. Sisi sote tulimtazama yeye.

"Sokoni?" aliuliza.

"Sokoni," mkewe alisema.

Basi kontrakta akasimama kando ya barabara kuu ya Uganda ameshika karai la mayai kwa mikono miwili. Lori likapita, kilemba kikatikisika. Akatia mguu mmoja barabarani, akaurudisha. Likaja trekta, nyuma ya trekta basi. Ng'ambo, mhudumu wa hoteli alikuwa amemwekea chai yake mezani, nasi tukaona mvuke ukipungua hadi ukaisha.

"Wewe, Bwana Afya," alisema bila kugeuza kichwa, "hii lori iko na haraka kuliko mimi."

"Na mama aliye na mtoto?"

"Huyo ahamie Uganda, ni karibu zaidi."

Alivuka mwishowe, wala yai halikuvunjika. Lakini aliporudi alikuwa ametulia. Wakakaa kwenye nyasi, wakaigeuza ramani, na zahanati na soko dogo vikapandishwa juu, upande uleule wa nyumba, ili wengi wasilazimike kuvuka. Kontrakta alisimulia kisa cha mayai mji mzima, akikiongezea malori kila mara. Kwa muda fulani mtu akileta pendekezo rahisi mno, watu wa Nakuru walisema, "Mpe mayai."

Ningependa kuishia hapo. Nikimkumbuka Bwana Afya mbele ya watu, ndivyo ninavyomkumbuka, ameketi kwenye nyasi na kontrakta wakicheka, soksi moja imeshuka.

Lakini yalibaki maji.

Aliyafuata juu, peke yake, akitazama chini kama kawaida. Jumamosi ileile Mama Afya alipokuwa akituonyesha nyumba yake, tulimwona akishuka kutoka upande wa Menengai, polepole, akisimama, akipiga hatua, akisimama. Mkewe alifurahi. "Mwenye nyumba huyo anakuja," alisema. Alipokaribia tukaona anachokifuata. Katika nyasi kavu palikuwa na mstari wa mawe mepesi, yale yale, umelala kama ushanga uliodondoka, ukipinda huku na kule kushuka mteremko. Upande wa pili, mbali kidogo, mstari mwingine ulishuka sambamba na wa kwanza. Yeye alikuwa kati yake.

Alifika kwenye kiwanja chake na mistari yote miwili ikaisha. Akatafuta. Akavuka kiwanja, akaikuta chini yake ikiendelea, akarudi. Ndipo akaziona kuta.

"Mama Watoto," alisema, "mawe haya umeyatoa wapi?"

"Hapahapa. Yalikuwa yamejipanga yenyewe kwenye nyasi, kama yananingoja. Sikwenda mbali."

Alivua kofia. Nilikuwa sijawahi kumwona amevua kofia nje, nikaona paji la uso wake lilivyokuwa jeupe kuliko mashavu.

"Mawe haya hayajipangi," alisema. "Maji yakipita kwa nguvu huyabeba juu, yakipungua huyaacha pembeni. Hiyo mistari ni kingo."

"Kingo za nini?"

"Za mto."

Mama Afya alitazama kulia na kushoto. Nyasi zilikuwa kavu, panzi wanaruka. "Mto gani? Mimi tangu nije Nakuru sijaona mto hapa."

"Hata mimi sijauona," alisema.

Akasimama pale, nje ya jikoni, wala hakuingia. Mama yangu akanivuta mkono, tukashuka.

*

Jioni ile, wakati wa kupika, ukuta wa jikoni ulituletea kila neno. Mama yangu alipika bila kugonganisha sufuria.

"Ni kiwanja kimoja," sauti ya Mama Afya ilisema. "Pindisha mstari wako kidogo."

"Si kimoja, ni safu nzima, juu mpaka chini. Chetu kiko katikati."

"Wewe ndiye unayeshika kalamu."

"Ndiyo shida yenyewe."

"Umemfumbia macho jogoo wangu miaka yote. Kila asubuhi anawika masikioni mwako na unaniuliza habari za soko. Na mto ambao hakuna mtu aliyeuona, huo ndio unakushinda?"

Kisha akasema, na sauti yake haikuwa ya mkaguzi, "Jogoo hamzamishi mtoto wa mtu."

"Watoto wangu mimi watalala wapi ukistaafu?"

Hilo hakulijibu, au alilijibu kwa sauti ambayo ukuta haukuipitisha.

Baraza lilikutana wiki iliyofuata, na watu waliruhusiwa kukaa nyuma. Baba yangu alikwenda na sare yake ya udereva, nami nikaenda naye. Bwana Afya alisoma maoni yake: miti, zahanati, soko. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Kisha akasema safu moja ya viwanja, kutoka juu hadi chini, isijengwe, iachwe wazi daima kwa ajili ya maji.

Diwani mmoja mnene, mcheshi, aliuliza, "Bwana Afya, sisi wengine ni wenyeji hapa. Huo mto uko wapi?"

"Uko safarini, mheshimiwa."

Ukumbi ukacheka. "Basi tuupelekee barua tuuulize utafika lini."

"Ningejua anwani yake ningekuwa nimeandika."

Walicheka tena, ila wenye viwanja vya safu ile hawakucheka. Mmoja wao, fundi bomba wa baraza, alisimama nyuma, akasema kwa hasira kwamba ni rahisi mtu kufuta nyumba ya mwenzake kwa kalamu. Diwani akaona nafasi. "Swali zuri. Bwana Afya, katika hiyo safu, wewe mwenyewe unamjua nani?"

"Nawajua wote. Nambari ya katikati ni yangu."

Feni ilisikika. Kontrakta, aliyekuwa mbele, aligeuka akamtazama kwa muda mrefu, kisha akasema taratibu, "Mimi iko tayari kujenga popote. Lakini hapo sasa, mimi sitajenga." Nadhani hilo ndilo lililomaliza, maana madiwani wangeweza kubishana na mkaguzi lakini si na mtu mwenye matofali.

Waliofutiwa viwanja waliahidiwa kuwekwa kwenye orodha ya kungojea. Mmoja wa wakubwa alimwita pembeni akamwambia kuna kiwanja cha kona, kizuri, kinaweza kupatikana kimyakimya. Baba yangu aliyasikia hayo kwa sababu ndiye aliyekuwa akimngoja na lori. Bwana Afya alikataa. "Watasema nilifuta cha katikati nipate cha kona," alisema garini. Baba aliendesha mpaka nyumbani. Kisha akamwambia, "Mzee, wangesema wiki moja tu. Wewe ungekaa miaka."

"Fundi bomba naye angekaa wapi?" aliuliza.

Baba alirudia swali hilo mezani kwetu mara nyingi. Nilikuwa katika umri wa kutaka mashujaa, nikamwona shujaa. Mama yangu, aliyemsikia Mama Afya akilia upande wa pili wa ukuta huku akichambua maharage, hakupenda neno hilo litajwe.

Mtaa ukajengwa. Ukawa mzuri, wenye mabati mekundu na maua ya waridi, na katikati yake ukanda mpana wa nyasi usio na kitu. Watu wakauita Mto wa Bwana Afya, kwa kejeli. Masika moja ikapita, ikaja nyingine, na mto haukufika. Watoto wa mtaa walikwenda nyumbani kwake wakiwa na ndoo, wakagonga, wakamwambia, "Bwana Afya, tumekuja kuteka." Aliwaambia waache ndoo, angewaita. Nao walicheka, naye alicheka, na mkewe akafunga dirisha.

Alistaafu kabla zamu yake haijafika kwenye orodha. Walirudisha ufunguo. Kuku waliingia kwenye gunia, mchana kweupe, mmoja baada ya mwingine, na Bwana Afya ndiye aliyelibeba. Walipanga vyumba viwili vya uani katika mtaa uleule mpya, nyuma ya nyumba ya mtu mwingine, dirisha likitazama ukanda wa nyasi.

*

Nilikuwa Nairobi miaka kadhaa, nikijifunza kuandika na kuandika vibaya, na kila nilipotaka kumchora mtu mwenye msimamo nilimkuta Bwana Afya ameinama njiani mwangu. Nilimfanya mrefu kuliko alivyokuwa. Nilimpa maneno makubwa ambayo hakuwahi kuyasema. Kisha nikarudi Nakuru kumwona mama yangu, na Jumapili mchana nikapanda mteremko.

Ukanda wa nyasi ulikuwa umejaa watu. Sikulitarajia hilo. Kamba za nguo zilivuka kutoka ua hadi ua, vijana walicheza mpira, wanawake walisukana nywele kwenye kivuli, na mtaa wote ulionekana kama umegeuza mgongo barabarani ili uitazame nafasi hii iliyoachwa. Katikati yake, mahali nilipopajua, palikuwa na mawe mepesi ya kijivu yaliyopangwa chumba baada ya chumba. Katika sebule palikuwa na stuli tatu na chupa ya chai. Bwana Afya na mkewe walikuwa wameketi. Yeye alikuwa amekonda, kofia ni ileile.

Nikawakimbilia moja kwa moja.

"Aa aa," Mama Afya alisema. "Huko ni ukutani. Umesoma mpaka umesahau adabu? Zunguka."

Nikazunguka, nikapitia mlangoni. Macho yake Bwana Afya yakapanda polepole kutoka viatuni mwangu. "Aa," alisema, "kumbe ni wewe."

Tulikunywa chai. Alinieleza kwamba hapo ni nyumbani kwao kila Jumapili, na kwamba mtaa mzima unajua, hata vijana wa mpira huuzunguka ukuta. Nilimwuliza yule ambaye sikuthubutu kumwuliza nikiwa msichana, yaani mkewe, kama alimsamehe.

"Nilimkasirikia mpaka nikachoka," alisema, akimmiminia mumewe chai. "Nilipochoka nikatazama, naye alikuwa bado yupo, anatazama chini."

"Na mto," niliuliza, "ulikuja?"

Wakatazamana, na nikajua nimegusa kitu cha kila siku.

"Ulikuja," Bwana Afya alisema. "Usiku mmoja wa masika, ulipokuwa umeondoka tu. Mawe yote haya tuliyakuta chini kule, karibu na miti. Maji yalifika magotini."

"Kwenye kifundo cha mguu," Mama Afya alisema.

"Magotini. Mawe yaliondoka yote."

"Mawe haya? Mawe haya hata nikitema mate yanaondoka. Kwenye kifundo, binti, na kwa saa moja tu. Mkeka ungelowa, ningeuanika, basi."

"Na godoro?"

"Ningeliweka juu ya meza."

"Na mtoto wa fundi bomba?"

Hapo Mama Afya akaangalia upande wa vijana waliokuwa wakicheza. Mmoja wao, mrefu, mwenye miguu kama ya korongo, alikuwa wa fundi bomba. Walikuwa wakikaa kwa kupanga, kama wao, nyuma ya nyumba ya mtu.

"Huyo," alisema baadaye, "yangemfika kweli magotini. Alikuwa mdogo."

Bwana Afya hakusema ameshinda. Alichukua jiwe moja lililokuwa limetoka kidogo kwenye mstari wa jikoni, akalirudisha, akalisukuma kwa kidole mpaka likanyooka na wenzake. Kisha akalitazama kwa muda, kichwa pembeni, na nikaona kwamba alikuwa bado hajui. Miaka yote hiyo alikuwa akiketi katika nyumba aliyoikataa, akipima kina cha maji ambayo hakuna aliyeyaona yakipita, kati ya kifundo na goti.

Nilipoaga, Menengai ilikuwa imejifunika wingu zito la rangi ya mawe yale. Nilitoka kwa mlango kama inavyotakiwa, nikapiga hatua chache nyasini, na matone ya kwanza yakaanza kuanguka, makubwa, yaliyoachana. Wanawake wakakimbilia kamba. Vijana wakachukua mpira. Kwa muda mfupi ukanda wote ukawa mtupu, isipokuwa wazee wawili kwenye stuli zao, yeye ameinama akiitazama ardhi mbele ya kizingiti, mkewe amefunika chupa ya chai kwa leso.

Mama Afya akaniona nimesimama.

"Binti," aliita, "unafanya nini huko nje? Ingia ndani, utanyeshewa."

Nikazunguka, nikapitia mlangoni.